Papa Msumeno wa Bi Somoe

Kila mzee anayeishi peke yake kule deltani hupewa papa msumeno wa kumwangalia. Wa Bi Somoe alikaa sebuleni, katika bwawa la saruji lenye tope na maji ya mto yaliyochanganyika na ya bahari. Alikuwa bapa, macho juu, kinywa chini, na ule msumeno wake mrefu wenye meno pande zote mbili. Msumeno huo huhisi umeme mdogo wa moyo unaopiga. Popote Bi Somoe alipoketi, ulimgeukia. Ukiacha kumgeukia mwenye nyumba, ofisi inayowagawa papa hao hupata taarifa kwamba amefariki, na hutuma boti.

Asubuhi hiyo ulielekea ukutani.

"Mwanangu, nimekukosea nini?" aliuliza, akahamia upande wa pili na kikombe chake cha chai. Msumeno haukutikisika.

Akainama, akaona. Topeni, chini ya ukuta huo, walilala watoto wanne, misumeno yao ingali imefunikwa utando laini, wasije wakamchana mama yao wakati wa kuzaliwa. Dume hakuwahi kuletwa humo. Papa alikuwa amejizalia mwenyewe. Sasa alikuwa na mioyo mingine ya kusikiliza.

Bi Somoe alipandisha kanga, akaingia majini hadi kiunoni. "Niko hapa, jamani. Mie huyu."

Nje, boti ilizima injini. Bi Somoe alingoja waliomo wapige hodi, "karibu" ikiwa tayari mdomoni. Mlango ulifunguliwa tu, na sauti ya mwanamume ikasema, "Anza na vyombo. Samaki tutamchukua mwisho."