Mistari Miwili ya Barabarani

Alikuwepo Ngiri, bingwa wa maringo, aliyemwaga mbolea yote kwenye mistari miwili ya mahindi kando ya barabara ili wapitaji wamwonee wivu.

"Na kule ndani, baba watoto?" mkewe akauliza.

"Ndani nani anaona?"

Msimu ulipokaribia kwisha, ndani yalisimama mabua matupu. Akapita Korongo, mnunuzi asiyependa kuchafua miguu, akachungulia kutoka barabarani, kisha akatangaza sokoni: "Mahindi yamejaa! Bei nashusha nusu!"

Ngiri akamkimbilia. "Mzee, ingia shambani uone, tunakufa!"

"Acha maigizo, tajiri wee!"

Ile mistari miwili ikauzwa kwa bei ya kutupa. Watoto walipolia njaa, mama yao akawaambia, "Nendeni mkasimame barabarani, wanangu. Kutoka kule tunaonekana tumeshiba."