Siku Saba Ndani ya Vazi la Uzee

Kwa sheria mpya, kila nesi wa wazee alilazimika kuvaa vazi la uzee siku saba mfululizo kwa mwaka, hata nyumbani, la sivyo leseni ingekwenda na maji. Vazi hilo lilipinda mgongo, likakaza magoti na kuifanya sauti kuwa nyembamba kama uzi.

Nesi Zamaradi alicheka. Miaka ishirini amewalisha wazee kwa "Haya, aaam, mtoto mzuri!" Siku saba zingemfanya nini?

Siku ya pili tu, mumewe Shomvi alimwuliza binti yao Chausiku, Zamaradi mwenyewe akiwa pale pale, "Huyu anataka chai?"

"Si uniulize mimi, Baba Chausiku!"

"Anasema nini?"

"Hata sijui, baba. Mpe tu." Chausiku akamfunga mama yake kitambaa shingoni. "Haya, aaam, mtoto mzuri!"

"Nani kakufundisha upuuzi huo?"

"Si wewe, mama?"

Siku ya nane Zamaradi alilirudisha vazi, akaingia nyumbani wima kama askari wa gwaride. "Nataka chai," akasema kwa sauti yake yote, "sukari vijiko vitatu!"

Shomvi akatabasamu kwa upole, akamgeukia binti yake. "Anasema nini?"

Chausiku alikwishashika kitambaa.