Mbeleko ya Ukulele

Wallahi, enyi wa baraza hili, haya ni kweli tupu. Nikizidisha hata punje, kofia yangu chukueni.

Mkono wa kushoto wa Bi Mwanaidi ulilegea tangu augue. Vidole bado vilibonyeza nyuzi, lakini kuinua ukulele, kile kigitaa chake kidogo, hauwezi. Na siku ile anaolewa mjukuu wake, aliyemwahidi wimbo wa kumtoa nyumbani.

"Tutoboe vitundu viwili, tutie parafujo na mkanda," alisema fundi Shomvi, keekee mkononi.

"Umtoboe?" Bi Mwanaidi aliikumbatia ukulele ya marehemu mumewe, mbao zake kavu kama biskuti. "Nimebeba watoto na wajukuu, Shomvi. Nani nilimtoboa ndipo nikambeba?"

Akaitoa leso mabegani, akaikunja nyembamba. Ncha moja akaifunga kichwani mwa ukulele, nyingine akaizungusha kiunoni mwa ukulele hiyo hiyo, akaivaa begani kama mbeleko. Kisha, watu wote wakitazama, akaachia mikono miwili.

Haikuanguka. Shomvi aliweka keekee chini polepole, kama mtu avuaye viatu mlangoni mwa msikiti. Bi Mwanaidi akapiga. Bibi harusi akalia, majogoo wa mtaa mzima wakanyamaza, na Bi Mwanaidi mwenyewe akaruka, akagusa dari, akatua bado anapiga!

"Dari gani, weye Kombo?" Tukageuka. Bi Mwanaidi huyo, ukulele kifuani. "Nilikaa kitini mwanzo hadi mwisho. Lete kofia."

Nikaivua. Akaivisha ukulele kichwani, akashika uchochoro akipiga, na baraza zima tukaiangalia kofia yangu ikicheza.