Mzee Aliyechagua Mwanga

Cheche alipomwona kwa mara ya kwanza yule mzee aliyeambiwa amwogope, kichwa na mabega yake yalikuwa chini ya sinki la jikoni, na miguu tu ndiyo iliyobaki nje.

Hakushangaa. Mama mwenye nyumba alishamwonya kwenye simu kwamba yeye atakuwa kazini, ila baba yake atakuwepo, na huyo ndiye atakayechagua kila kitu. Ni mwalimu mkuu mstaafu, hatulii mahali pamoja, hupenda kuchokonoa vitu, na bakora ya shule bado anatembea nayo. Mafundi wawili alishawatimua, mmoja akiwa bado juu ya ngazi.

Bosi wake naye alimkabidhi fomu. Mzee akitia sahihi kwamba ameridhika, kuanzia Jumatatu Cheche ni fundi kamili mwenye mkoba wake. Asipotia, anarudi kuwashikia wenzake ngazi, na alishawashikia miaka mitatu.

Ovaroli yake ilikuwa bado mbichi kwenye kamba, kwa hiyo alikuja na nguo za nyumbani. Alifunga geti kwa komeo, akapiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, lakini sauti yake ikamezwa na kelele za chuma. Akavua viatu, akaingia hadi jikoni.

"Shikamoo, mzee."

Kichwa kikagonga sinki, kisha kikatoka kikiwa na tabasamu pana. "Marahaba, mama. Nimeona nianze tu, nisikusubiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Cheche akamwambia amefanya vizuri. Mtu mkali habishiwi asubuhi asubuhi.

Akaomba ruhusa ya kuzima umeme. "Zima tu," mzee akasema, "umeme ni wako." Cheche akacheka, akamwona mcheshi. Punde mzee naye akauliza kama anaweza kufunga maji. "Funga tu, mzee wangu, maji ni yako," Cheche akamrudishia utani wake, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika ukuta.

Kazi ilikuwa ya kung'oa balbu za zamani, zile zinazounguza vidole, na kuweka za LED nyumba nzima, pamoja na dima, ile swichi ya kuzungusha inayopandisha na kushusha mwanga. Dima ya zamani haipatani na LED. Balbu hupepesa kama jicho lililoingiwa mchanga, na swichi hulia kama mbu. Waliotangulia walibadilisha balbu wakaziacha dima za zamani ukutani, ndiyo maana wakatimuliwa. Cheche alikuja na dima mpya, kila moja ameijaribu kwa mkono wake.

"Sebuleni unapenda mwanga wa njano au mweupe?"

Mzee akageuka kutazama nyuma yake. "Unaniuliza mimi?"

"Sasa nimuulize nani?"

Mzee akaona haya, akajifuta mikono kwenye suruali. Akasema njano, polepole, kisha akaongeza kwamba miaka yote anaingia kwenye nyumba na hajawahi kuulizwa neno kama hilo. Cheche akamwonea huruma. Kumbe ukali wote ule ulikuwa wa mtu asiyeulizwa kitu.

Baada ya hapo mzee hakushikika. Njano sebuleni, njano vyumbani, njano hata chumba cha kusomea, ambako Cheche alikuwa ameandaa balbu nyeupe kali kwa ajili ya vitabu vilivyopangwa mpaka darini. "Huku weka ule wa kusinzilia," mzee akaamua. Cheche alisita kidogo, lakini mwenye vitabu ameshasema, akaweka.

Kila chumba kilipokamilika na umeme kurudishwa, mzee alikuja mbio kuzungusha dima, utepe mweupe wa kuzibia mabomba ukining'inia kidoleni. Juu, chini, juu tena. Hakuna balbu iliyopepesa wala swichi iliyolia. Alicheka kama mtoto anayetekenywa, na Cheche naye akajikuta anacheka bila sababu nyingine ila furaha. Mzee hakukubali kushindwa kwa adabu, akamuuliza bomba jipya lielekee kulia au kushoto. Cheche akamwambia lielekee moyo wake unakotaka.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mchana ulipita na chai haikutoka. Mzee aliitupia birika macho mara mbili, kisha akarudi kwenye sinki. Cheche akajisemea kwamba ndipo ukali wake ulipojificha, akatoa karanga zake mkobani, wakagawana.

Saa kumi kila kitu kilikuwa tayari. Cheche alisimama katikati ya sebule iliyowaka njano laini kama siagi, fomu mkononi, miguu ikitaka kucheza. Jumatatu aliiona kabisa, na mkoba begani. Akamnyooshea mzee kalamu.

Kengele ya geti ikalia. Ikalia tena, ndefu zaidi. Kisha mtu akaanza kuligonga geti kwa fimbo.

Mzee hakusogea. Alimtazama Cheche kwa upole, kama anayengoja. Cheche naye akangoja, kwa heshima, mpaka kelele zikazidi.

"Mzee, una mgeni."

"Mgeni wangu tena?" Mzee akacheka. "Umeme wako, maji yako, geti lako. Mimi ni fundi bomba tu, mama, nimekuja kutengeneza sinki."