Saa ya Khitma ya Massoudi

Khaled, fundi wa saa, aliibandika ile saa sikioni, akafumba macho kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Inatembea muzuri," akasema. "Haipatane na ile ya ukuta, lakini hiyo nitapanga. Dada Hayat, we kweli unataka kuuzisha saa ya bwana yako?"

"Chukua tu, Khaled. Ni ya khitma yake."

Nje, wachuuzi wa mtaa wa Bwiza walikuwa wanafunga vibanda mapema, maana siku hizo za vita giza halikuwa la kuchezea. Hayat aliketi kwenye kibao, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi, akiukodolea macho ukuta. Hakutaka kuitazama ile saa. Jana, ilipowekwa mkononi mwake ndani ya kitambaa, aliuona mkanda tu, alioushona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Ulimtosha. Aliifunga tena, akalia mpaka sauti ikakauka.

Kabla ya hapo alikuwa mbishi kwelikweli. Tangu basi alilopanda mumewe Massoudi lilipovamiwa wiki kadhaa nyuma kwenye barabara ya Bugarama, na waliokufa wakazikwa harakaharaka na wanakijiji wa milimani, mtaa mzima ulimwambia akae eda. Akakataa.

"Mi siko mujane," alimjibu hata mama mkwe wake. "Munionyeshe kaburi, ao munionyeshe kitu yake."

Akamtafuta hospitalini, makambini, kwa wanajeshi. Watu wa Bwiza wana huruma, lakini mdomo pia wanao. Wakaanza kusema akili zimemruka. Kila aliyekata tamaa ya kumpata Massoudi, Hayat alimhesabu kuwa msaliti.

Isipokuwa Ilyasi. Rafiki huyu wa mumewe hakumcheka hata siku moja. Na ndiye aliyemletea saa hiyo jana, akitokea Uvira kwenye biashara zake, hata vumbi la safari hajalipangusa.

"Nimekutana na mukimbizi mumoja kule," alisema, macho chini. "Ndiye alimuzika. Saa aliificha ndani ya kopo ya maziwa, haijatoka mule tangu ile siku. Pole sana, shemeji. Sasa ukae eda yako, umuache apumuzike."

Hapo Hayat alihisi amesalitiwa na moyo wake mwenyewe, uliomdanganya muda wote ule. Kesho angeingia eda. Leo, akiwa bado anaweza kutoka, angeuza saa, anunue mchele na nyama, mashehe waje wasome. Massoudi hakuoshwa wala hakuswaliwa. Angalau watu wale kwa jina lake, wamwombee, asiende hivihivi kama mtu asiye na mke.

"Ulitia ufunguo lini?" Khaled akauliza.

"Mi? Sijaigusa."

"Basi kuna mutu aliitia. Hizi za zamani, ukizisahau siku mbili, zinasimama."

Hayat akafikiri ni Ilyasi, labda alitaka imfikie ikiwa inatembea. Ilyasi ana roho nzuri, ingawa saa ile hakuwahi kuielewa.

Hakuna aliyeielewa ila mwenyewe. Massoudi alirithi kwa babu yake wa Ujiji saa hiyo pamoja na ukaidi wa kuipanga kwa jua. Kila magharibi, adhana ikianza tu, kabla hajatawadha, aliirudisha mishale yote miwili juu, kwenye kumi na mbili, wakati saa za mji mzima mshale mfupi uko chini kwenye sita. Wenzake wa karakana walimcheka, Ilyasi kuwapita wote. "Jua ikizama, siku mupya imeanza," alikuwa akijibu. Na kwa vile saa yenyewe ilikuwa kikongwe, inakwenda itakavyo, zikipita jioni chache tu bila kupangwa, haikusema kweli tena.

Khaled alivuta droo, akatoa noti, akaziweka mezani. "Mungu amurehemu," akasema. "Alikuwa mutu wa watu."

Hayat alinyoosha mkono. Machozi yalikuwa yamemjaa, na sasa hakuyaonea aibu.

"Nipe kwanza niiage."

Khaled akamwekea saa kiganjani. Msikitini, mwadhini alikohoa kwenye kipaza sauti, kisha adhana ya magharibi ikatanda juu ya mabati ya Bwiza. Kwenye saa ya ukutani, mshale mfupi ulikuwa chini, kwenye sita. Hayat akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akainama.

Kiganjani mwake, mishale yote miwili ilikuwa juu, imelaliana kwenye kumi na mbili.