Mkalimani wa Balozi

Balozi wa taifa kubwa la mbali alikuja mjini kutia saini mkataba wa urafiki. Kabla ya kushika kalamu, aliomba kumsikiliza mwananchi mmoja wa kawaida. Meya akamsogeza mbele Bi Mashavu, muuza maandazi wa sokoni. Salha, mkalimani, akasimama kati yao.

"Mwambie," Bi Mashavu alisema kwa upole, "tangu kampuni yao ichimbe bandari, maji ya visima vyetu yamekuwa ya chumvi. Tunaomba watuchimbie kisima kingine kule juu kilimani."

Salha alimtazama meya. Meya akatikisa kichwa polepole kumkataza.

"Anasema wananchi wanaifurahia bandari," Salha alimwambia balozi kwa lugha yake, "na wanaomba urafiki huu udumu."

Maneno hayo yalimgusa balozi. Alivua skafu yake ya hariri, akamvisha Bi Mashavu shingoni, kisha akamshika mikono yote miwili.

"Amekubali?" Bi Mashavu aliuliza.

Salha alitaka kusema kweli, lakini meya alikuwa bado anamtazama.

"Amekubali, mama."

Bi Mashavu akawageukia wanawake wenzake waliosimama juani, akawapa habari. Wakapiga vigelegele, na mmoja wao akaanza kulia. Balozi naye akapiga makofi, akamwuliza Salha wanasema nini.

Salha aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, ingawa viatu vyake havikuwa na kamba.