Ngazi ya Mzee Hobart

Mheshimiwa Verlene Tolliver alikuwa amefika kwenye unga na siagi katika mapishi aliyokuwa akiyasoma bungeni. Kabla ya hapo alisoma taarifa ya mvua, na kabla ya mvua, majina ya watoto wote waliozaliwa mwezi ule katika hospitali ya jiji lake la Brannock.

"Pichi sita zilizoiva," alisoma. "Zimenyeni taratibu, waheshimiwa, hatuna haraka."

"Wewe ndiye huna," alidakia Dwight Mabry, mbunge wa kule kwenye mashamba ya soya, na wenzake wa chama tawala wakacheka.

Muswada ulikuwa wa Mabry: serikali ya jimbo iinyang'anye Brannock hospitali yake, maana jiji hilo halikuwahi kukipa chama chake kura. Bungeni alikuwa na kura tele. Lakini kikao cha mwaka kilipaswa kufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa saa ya ukutani na si nyingine, muswada usiopigiwa kura kabla ya hapo ungekufa, na Verlene aliruhusiwa kusema mpaka hapo mradi asikae. Miguu ilikuwa inamwaka moto.

Mzee Hobart Crisp, bawabu wa bunge, alimletea maji. Kifuani alivaa beji ya chama cha Mabry, kama siku zote. Jumanne na Ijumaa alionekana kazini baada ya adhuhuri tu, bandeji mkononi.

"Na wodi ya figo?" alinong'ona.

"Hiyo ndiyo wataanza kuifunga, mzee wangu."

Zilipobaki dakika nne, Mabry alimkonyeza Hobart, naye akaleta ngazi. Verlene aliijua ngazi hiyo. Kila mwaka chama tawala kilipobanwa na muda, Hobart alipanda kuisimamisha saa, na kikao kikaendelea watakavyo.

Mzee alipanda kwa magoti yake mabovu. Mgongo wake mpana ukaifunika saa yote.

"Bado tu, Hobart?" aliuliza Spika.

"Mshale umekaza, mheshimiwa. Ni kizee kama mimi."

Mabry alichungulia simu yake: saa kumi na mbili na dakika tatu. Akajinyoosha kitini.

"Endelea na upishi, mama. Sasa tunao muda mpaka kesho."

Verlene aliikunja karatasi ya mapishi. Akakaa.

Hobart alishuka, akaikunja ngazi yake polepole. "Imesimama, mheshimiwa Spika."

Bunge zima likainua macho. Saa ilikuwa imesimama kweli: saa kumi na mbili na dakika moja.